Kabla ya kuiita CAN feki, ulizeni imepimwaje

Mhariri,

Kila msimu wa kukuzia mahindi hazikosekani habari za mbolea "iliyokutwa na nusu ya naitrojeni". Mbolea feki zipo, hilo halina ubishi. Lakini ikiwa ni CAN, yaani mbolea ya kalisi amonia naitreti, yenye naitrojeni asilimia 26, na jibu la maabara limeangukia 13, basi kabla ya kumfungia mtu duka lake la pembejeo ulizeni kwanza imepimwaje.

CAN hubeba naitrojeni yake kwa mafungu mawili yanayolingana, nusu amonia na nusu naitreti. Njia ya kupima naitrojeni aliyoibuni Mdenmark Johan Kjeldahl mwaka 1883, ikitumiwa kama ilivyo, haiihesabu naitreti ipasavyo. Naitreti inataka unga wa Devarda, yaani aloi ya shaba 50, alumini 45 na zinki 5 kwa mia, ambao huigeuza kuwa amonia ndani ya kostiki soda. Mpimaji akiukeneka mchanganyiko (kuuchemsha na kuukusanya mvuke wake) bila unga huo, bureti, ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea asidi, itasoma sawasawa kabisa, ila itakuwa imesoma fungu moja.

Kipimo chenyewe ni hiki. Saga mbolea upesi, kwa sababu CAN hunyonya unyevu na ukiiacha mezani utapima maji. Yeyusha gramu 5, jaza maji hadi mililita 500, chuja chokaa inayotuama. Chukua mililita 25 kwa pipeti (hapo mna gramu 0.25 za mbolea), tia kwenye chupa ya kukenekea pamoja na maji mililita 300, ongeza mililita 10 za kostiki soda ya asilimia 40 na ufunge papo hapo. Amonia ipokelewe ndani ya mililita 50 za asidi ya boriki ya asilimia 4 yenye kiashiria (rangi inayobadilika kazi ikikamilika), ncha ya mrija ikiwa imezama. Zikitoka mililita 150, teremsha chombo cha kupokelea ndipo uzime moto. Ukitangulia kuzima, asidi itafyonzwa kurudi kwenye chupa na kazi yote imekwisha. Titresha, yaani dondosha kwa bureti, asidi ya haidrokloriki ya nguvu ya 0.1 M hadi kijani kigeuke waridi. CAN halali itakula mililita 23.2 hivi.

Chupa ikipoa, rudishia maji yaliyopungua, weka gramu 3 za Devarda, funga, subiri nusu saa povu litulie. Gesi inayofuka ni haidrojeni, kwa hiyo pasiwe na moto wa wazi karibu. Keneka tena upate 23.2 nyingine. Kila mililita ni miligramu 1.4 za naitrojeni, 46.4 zinatoa miligramu 65 kati ya 250, ndiyo asilimia 26. Usisahau kutoa mililita za jaribio lisilo na mbolea, maana Devarda yenyewe huweza kuwa na chembe za naitrojeni.

Anayetilia shaka mtambo wake apime chumvi safi mbili. Amonia salfeti ikishuka chini ya asilimia 21.2 ya naitrojeni, kuna kiungo kinachovuja au asidi haikuhakikiwa nguvu yake. Ikitoka sawa lakini potasiamu naitreti ikakosa kufika 13.85, Devarda ndiyo iliyochoka.

Urea nayo ina mtego wake. Isipochemshwa kwanza katika asidi kali ya salfuriki, sehemu kubwa ya ile asilimia 46 haitoki wakati wa kukeneka, na mfuko mzima mzima utaonekana kama chumvi ya mezani.

Tunaomba basi waandishi wakipewa cheti cha maabara wachapishe namba mbili, ya amonia na ya naitreti, na waeleze sampuli ilitoka wapi: kwa bambo lililodungwa mifuko kadhaa iliyofungwa, au kiganja kimoja kutoka mfuko ulioachwa wazi dukani.

Mkemia wa mbolea,
Morogoro