Hiyo dawa ya mishipa na unene inaitwaje?

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa afya kuhusu "dawa inayofungua mishipa na kupunguza unene kwa mpigo" nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja tu: jina la dawa. Sikuliona. Picha ya mwanamke aliyepwaya ndani ya suruali ipo, shukrani za mtumiaji zipo, kiambato hakipo. Mimi ni mfamasia, nimekaa dirishani nikitoa dawa hadi mvi zimeniota, na watu wanaokuja na kipande cha gazeti mkononi wakitaka "ile dawa" nawafahamu vizuri. Ile ipi?

Dawa za mtiririko wa damu zenyewe hazifanani. Naitrogliserini, ile inayowekwa chini ya ulimi kifua kinapobana, hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza misuli ya ukuta wa mshipa. Sildenafili hufika palepale kwa njia nyingine, kwa kuzuia kimeng'enya ambacho kingeuzima ujumbe wa gesi hiyo. Ilianza kufanyiwa utafiti kwa ajili ya moyo, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa tatizo la nguvu za kiume, na mwaka 2005 kwa presha ya mishipa ya mapafu. Zikikutana hizo mbili mwilini, presha inaweza kuporomoka ghafla mtu akapoteza maisha. Aspirini kwa upande wake haiji kupanua mshipa. Kazi yake ni kulemaza chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda, zisishikamane, na chembe iliyoguswa hairudi tena katika hali yake hadi inapokufa, baada ya siku 7 hadi 10. Silostazoli hupewa wale ambao miguu huwauma wakitembea kwa sababu mishipa yake imekuwa myembamba, lakini mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu sawasawa haruhusiwi kuigusa. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyoidhinishwa kupunguza mwili.

Kilichonikera zaidi ni kuahidi mishipa bora kwa kidonge cha kukonda kisicho na jina, wakati dawa za kukonda zina rekodi mbaya hapo hapo kwenye mishipa na moyo. Aminoreksi iliuzwa Uswisi, Austria na Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1965 ili kukata hamu ya kula. Wagonjwa wa presha ya mapafu wakaongezeka ghafla, nayo ikaondolewa mwaka 1968. Tungedhani somo limeeleweka. Fenfluramini ikaja, ikapendwa sana, na mwaka 1997 ikaondolewa sokoni kwa kuharibu valvu za moyo, yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma. Sibutramini ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 2010, Ulaya na Marekani, baada ya utafiti kuonyesha kwamba wagonjwa wa moyo walioitumia walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wenzao. Na hiyo ndiyo ambayo maabara zimeendelea kuikuta ikiwa imefichwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kama mitishamba mitupu. Ndiyo maana nauliza jina.

Sikatai kwamba ipo dawa ya unene iliyosaidia moyo. Semaglutidi huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo umeshiba. Homoni ya asili huisha nguvu ndani ya dakika chache, lakini hii imetengenezwa ikae, ndiyo maana huchomwa mara moja kwa wiki. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 17,604 wenye uzito uliozidi na ugonjwa wa moyo au mishipa, wasio na kisukari. Vifo vitokanavyo na moyo na mishipa, mshtuko wa moyo na kiharusi vilipungua kwa asilimia 20. Vichwa vya habari vilishangilia hiyo 20. Kwa hesabu ya watu, waliopatwa walikuwa 8 katika kila 100 kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa, na 6.5 kwa waliochomwa dawa, katika muda wa zaidi ya miaka mitatu. Ni faida ya kweli, ila haina uhusiano na "mishipa kufunguka ndani ya siku saba" kama mlivyoandika.

Halafu hilo la "kwa mpigo". Dawa ya damu na dawa ya kukonda zikikutana zinaweza kugongana. Mgonjwa wangu mmoja mwenye valvu ya bandia alikuwa kwenye warfarini, inayozuia damu kuganda kwa kubana kazi ya vitamini K. Akajiongezea orlistati, dawa ya kukonda, bila kumwambia mtu. Orlistati huzuia karibu theluthi moja ya mafuta ya chakula yasifyonzwe, na vitamini K ni miongoni mwa zile zinazosafiri na mafuta, kwa hiyo hupotea nayo chooni. Warfarini ile ile, kwa kipimo kile kile, ikawa kali kuliko alivyohitaji, fizi zikaanza kutoka damu. Tuligundua tu kwa sababu boksi la ile dawa nyingine lilikuwa na jina.

Basi toleo lijalo lichapishe kiambato, miligramu, na watu wasiotakiwa kuitumia. Kama mwandishi wenu naye alipewa kidonge bila kuambiwa ni nini, chapisheni hilo, na liwe ukurasa ule ule.

Mfamasia, msomaji wenu wa miaka mingi