Padri wa jeshi atukumbuke na sisi wa nje ya kambi

Mhariri,

Mume wangu ni mwanajeshi, na ameshatumwa Somalia mara mbili. Kila wanapoondoka, padri wa jeshi huwabariki wakiwa wamejipanga, mabegi miguuni. Nashukuru. Ila hapa Free Area, tunakopanga nje ya kambi, sijawahi kumwona.

Mwaka jana simu ya mume wangu ilinyamaza siku 11. Aliyenibishia hodi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, rozari mkononi na chupa ya maziwa. Mama huyo hata hajui koplo ni nani na sajini ni nani!

Kanisa Katoliki liliunda vikarieti ya kijeshi, yaani kitengo chake cha kuwahudumia wanajeshi, Kenya mwaka 1964. Katiba ya kitume, yaani sheria rasmi, ya Papa Yohane Paulo wa Pili, ya 1986, inawaweka wake na watoto wa wanajeshi chini ya askofu wa jeshi, hata jamaa na wafanyakazi wanaoishi nao. Yaani hata yaya wetu ni kondoo wake.

Najua mapadri hao ni wachache. Basi waachie parokia zetu namba ya simu, tupige usiku ule wa kimya.

Mke wa Mwanajeshi,
Free Area, Nakuru