Lile bamba nene usilinunue kwanza

Mikindani, Mtwara

Hamisi ndugu yangu,

Salaam. Huku sote wazima, mama anauliza utakuja lini.

Picha za mkono wa mashine yako ya kubangulia korosho nimezipata. Umefanya vizuri kuupima kwa elementi finiti, yaani kompyuta kuugawa vipande vidogo na kukihesabu kila kimoja, kabla ya kuchomelea, ila lile bamba la milimita 12 usilinunue kwanza.

Tazama namba zako. Kwenye kona ya ndani, mkono unapoungana na kitako, mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo la chuma, ulikuwa megapaskali 180. Ulipozikata elementi nusu ukawa 245, ulipozikata tena, 335. Unadhani programu inakaribia jibu, tena jibu baya. Haikaribii chochote. Kona uliyochora ni kali, haina mviringo hata kidogo, na kwa hesabu ya chuma kinachonyumbuka na kurudi, mkazo wa hapo hauna kikomo. Kata wavu wa elementi mpaka kompyuta itoe moshi, namba itapanda tu. Bamba nene litaishusha, kisha itaanza kupanda upya.

Chora kona yenye mviringo wa milimita 5, kama utakavyoipiga tupa kweli, uone namba itakavyotulia. Mhandisi Mjerumani Kirsch alishaonyesha mwaka 1898 kwamba tundu la duara kwenye bamba pana linalovutwa huongeza mkazo mara 3 ukingoni. Mwaka 1913 Mwingereza Inglis akaja na tundu la duaradufu: urefu ukiwa mara 10 ya upana, likakingama na mvuto, mkazo ni mara 21! Ufa ni tundu hilohilo lililobanwa mpaka upana ukaisha. Ndiyo maana mafundi hutoboa ncha ya ufa kwa drili ili usiendelee.

Ule mkono wa zamani wenye ufa ni habari nyingine. Hapo usisome mkazo wa nchani kabisa. Mhandisi Mwingereza Griffith, mwaka 1921, akipasua vioo, aliuliza: ufa ukisogea kidogo, nishati inayoachiwa inatosha kuzaa nyuso mbili mpya? Nishati hiyo, programu huipata vizuri hata kwa wavu wa wastani. Na usisahau kwamba mkono unashushwa na kupandishwa kutwa. Chuma huchoka, ufa hukua polepole hata mkazo usipofikia wa kukipinda.

Ganda la korosho ulilolipa tabia ya chuma kwenye programu, hapana, hilo silikubali. Nitumie mbichi na zilizopikwa kwa mvuke, nizibane hapa karakana tupate namba zake. Vaa glavu, yale mafuta yanaunguza.

Wako,
Saidi