Tulioisambaza video ya gunia, turudi tulikopita

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi gazetini kwako kwa jambo la video tuliyoisambaza ikamchafua kijana asiye na kosa, jambo ambalo nimejaribu kulimaliza kwa simu na kwa miguu, na bado halijamalizika.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha skuli za msingi za Kaskazini Pemba kwa miaka 34. Jina langu na shehia yangu nimekuandikia pembeni, ila nakuomba usivichape. Sijifichi, kwani wanaonihusu karibu wote wameshanisikia kwa mdomo wangu. Lakini huku kwetu ukinijua mimi utamjua na kijana ninayetaka kumzungumza, na yeye ameshatangazwa vya kutosha.

Msimu uliopita wa karafuu, mwezi wa Agosti, bibi mmoja mjane aliibiwa gunia zima la karafuu kavu. Zilikuwa zimeshatoka jamvini, zimeshafungwa, zinasubiri gari la kwenda kituo cha ununuzi. Msomaji wa mjini huenda asijue gunia lile ni nini. Ni wachumaji waliokwisha kulipwa kwa pishi, ni usiku wa kuchambua karafuu na makonyo, vijiti vyake, mpaka vidole vinageuka rangi, ni siku nne tano za kuanika na kukimbilia kuanua kila wingu likipita. Kwa bibi yule lilikuwa ni sare za skuli za wajukuu na bati la jikoni. Wizi ule ulituuma sote, na nalisema hili mapema ili asitokee mtu akadhani nawatetea wezi wa karafuu.

Siku ya pili, baada ya Alasiri, ikaingia video katika kundi letu la WhatsApp la upatu. Sekunde 19 tu, imepigwa kutoka dirishani. Kijana yuko njiani na baiskeli, gunia jeupe nyuma. Baiskeli inamyumbia kwenye kokoto, anasimama, analinyanyua gunia kwa mkono mmoja kuliweka sawa, anaendelea na safari. Sauti ya mwanamume anayepiga inasema: "Huyo hapo, anazipeleka. Mtazameni vizuri."

Nilikuwa nasubiri chai ichemke. Nikaandika "Hawa ndio wanaotumaliza," nikaipeleka makundi mengine mawili: la ukoo wetu, lenye watu 62 kuanzia hapa mpaka Mombasa na Muscat, na la walimu wastaafu. Kisha nikenda kutia udhu.

Kabla ya Isha jina lake lilikuwa limeshapatikana. Mtu akatia picha yake ya harusi, mkewe yumo. Mwengine akatia namba yake ya simu. Usiku kucha akapigiwa na watu wa Unguja, wa Dar es Salaam, wa Oman, watu ambao hawajapata kukanyaga shehia yetu, wakimtukana yeye na mama yake aliyemzaa. Mmoja alirikodi sauti akisema akionekana akatwe mkono, na sauti hiyo nayo ikazungushwa. Mtoto wake wa miaka saba akaitwa chuoni, anakosoma Kurani, "mtoto wa gunia", mpaka akakataa kwenda. Na kijana huyu kazi yake ni uchumaji. Msimu umepamba moto na hakuna aliyemwita. Hata miti aliyokwisha kuahidiwa wakapewa wengine. Mkewe alichukuliwa na kaka zake, akakaa kwao wiki tatu.

Siku ya tatu sheha, mkuu wa shehia yetu, akamwita. Alikuja na stakabadhi ya kituo cha ununuzi, ina tarehe ya siku ile ile ya video. Kilichokuwemo guniani ni makonyo. Makonyo ya mjomba wake, yale vijiti tunavyovichambua na kuviuza vikakamuliwe mafuta kiwandani Wawi.

Mhariri, hapa ndipo panaponikosesha usingizi. Mimi nimezaliwa chini ya mikarafuu. Baada ya kwa sheha nilirudi nyumbani, nikaifungua tena ile video, safari hii nimezima sauti. Gunia la karafuu kavu huwa zito, limelala, na hakuna mtu anayelinyanyua kwa mkono mmoja huku mwengine umeshika baiskeli. Hili lilikuwa limefura, limejaa pembe pembe, na upande mmoja vijiti vimetokeza nje. Vinaonekana. Vilikuwa vikionekana tangu siku ya kwanza. Mtoto yeyote wa darasa la nne wa Pemba angekwambia hayo ni makonyo. Na makundi yale yamejaa watu wazima wenye mikarafuu yao, wachumaji, wachambuaji, watu walioanika karafuu tangu hawajaota meno ya pili, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Tuliisikiliza ile video, hatukuitazama. Sauti ilitwambia tunaona karafuu, tukaona karafuu. Wazee wetu walisema msema pweke hakosi, na siku ile aliyekuwa akisema alikuwa mmoja tu, tena hatujui hadi leo ni nani.

Wenzangu wa umri wangu wanaukumbuka mwaka 1995, habari za Popobawa, jini lililosemwa kuwavamia watu usiku majumbani mwao. Huku hatukuwa na simu za mkononi. Watu walilala nje, wamekoka moto, kwa kuogopa kulala ndani ya nyumba zao, na wanafunzi wangu walikuja darasani macho mekundu, wanasinzia juu ya madaftari. Maneno yakapanda boti yakaenda Unguja, na huko umati ukamuua mtu, mgonjwa wa akili, kwa kudhani ndiye. Nilikuwa nikilisimulia jambo lile kama jambo la watu wasiosoma. Sasa siwezi kulisimulia hivyo tena.

Naomba nieleze yaliyofuata baada ya ukweli kujulikana, maana hicho ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Msimamizi wa kundi la upatu aliifuta video, akaandika: "Video imefutwa. Tusameheane, tuendelee." Watu wakatia vikono vya dua, ikawa basi. Tuhuma ilikuja na jina, sura, namba ya simu na picha ya mke. Radhi ikaja haina jina la mtu, haisemi video gani, haisemi guniani mlikuwa na nini. Na iliandikwa katika kundi moja, wakati video ilikwisha fika ambako hata hatupajui. Nyinyi wa magazeti mkikosea tumezoea kuona mnaomba radhi, mnasema tuliandika hivi na ukweli ni huu. Sisi wa makundini tunafuta, tunaona tumeshalipa.

Kwanza nilikwenda nyumbani kwao. Kijana alikuwemo ndani, hakutoka, na simlaumu. Mama yake alinikaribisha ukumbini, akaniwekea maji. Nilipomaliza kusema akaniambia: "Mwalimu, mimi simu hiyo sina. Maneno nimeyakuta mferejini. Kayaseme huko huko."

Asubuhi yake nikenda mferejini, penye bomba la maji, na ndoo yangu, saa kumi na mbili, wakati wanawake wamejaa. Nikasema: mimi niliisambaza video ile, na nilikosea, na lililokuwemo ni makonyo, stakabadhi nimeiona kwa macho yangu. Wengine waliinamisha vichwa. Mmoja akasema, "Lisemwalo lipo, mwalimu." Methali ile nimeifundisha miaka 34, nimeisahihisha katika mitihani. Nilisimama pale nikamwambia kuwa hili lilisemwa na halikuwepo, na kama mtu anaona lipo basi alitaje hapa mbele yetu ni lipi. Hakulitaja. Lakini niliona uzito wa kuliondoa neno likishakaa mtu kifuani.

Kisha nikarudi makundini. Nilimuuliza kwanza mama mtu kama mwanawe anaridhia nilitaje jina lake kule ambako limeshatajwa, akajibu kuwa ndiyo, makundini nilitaje, gazetini nisilitaje. Niliandika ni video ipi, niliipeleka lini, nilisema nini chini yake, na ukweli ni upi. Halafu nikarikodi kwa sauti, maana wazee wengi wa ukoo wetu hawasomi ujumbe mrefu. Nikamwomba kila aliyeipokea kwangu aniambie aliipeleka wapi. Katika watu 62 walinijibu tisa. Mpwa wangu wa Muscat, mtoto wa kaka yangu, alikuwa ameipeleka makundi mawili ya wafanyakazi wenzake. Akaniambia, "Shangazi, mambo yameshapita hayo, unayafufua mwenyewe." Nikamwambia kwake yamepita, kwa kijana wa watu hayajapita, namba yake ya simu imembidi aitupe. Siku mbili baadaye alinipelekea picha ya ujumbe aliouandika kule. Nilifurahi kama siku aliyozaliwa.

Kaka yangu, barazani, ananipinga. Anasema bila ya video wezi wasingekamatwa, na kwamba nikiwatisha watu hawatapiga tena. Hoja yake nimeichukua kwa uzito, kwa sababu wizi wa karafuu ni kweli na mjane yule ni kweli. Lakini video yenyewe haina kosa. Aliyeipiga angempelekea sheha peke yake, kijana angeitwa jioni ile ile, angetoa stakabadhi, jambo lingekwisha kabla ya Magharibi, na sote tungeendelea kumtafuta mwizi. Badala yake siku tatu nzima shehia mbili zilishughulika na mtu asiyehusika. Gunia la bibi yule halijapatikana mpaka leo. Na bibi mwenyewe, nilipokwenda kumwangalia, aliniambia hakumshuku kijana yule hata siku moja. Hakuna aliyemuuliza.

Wapo wanaosema aende mahakamani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, inatumika Bara na Zanzibar. Kama ilivyopitishwa, kifungu cha 16 ni cha taarifa za uongo na cha 23 ni cha unyanyasaji wa mtandaoni, na kwa kila kimoja adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini kifungu kile cha 16 kinamtafuta anayejua kuwa anachokisambaza ni uongo na akakusudia ubaya. Sisi hatukujua, kwa sababu hatukutaka kujua. Tuliamini kwa wepesi, na kwa sheria hiyo huenda tukawa salama. Na mchumaji wa pishi atamshitaki nani katika watu wote wale, kwa nauli ipi na kwa wakili yupi?

Mimi naogopa hesabu nyengine. Kila mwaka tunakisikia darsani kisa cha Bibi Aisha (R.A.), mke wa Mtume, alivyobaki nyuma ya msafara akitafuta kidani chake, na maneno ya kumsingizia yaliyozuka Madina. Mtume (S.A.W.) alikaa karibu mwezi mzima bila ya kuhukumu, mpaka zikateremka aya za Surat Nnur za kumtakasa. Mwezi mzima, katika jambo la nyumba yake mwenyewe. Mimi kijana yule sikumpa hata muda wa chai kuchemka. Na huyu alikuwa mwanamume na tuhuma ilikuwa ya gunia. Nimewahi kusomesha wasichana ambao neno moja la uongo juu yao lilizima posa na masomo kwa pamoja, zama ambazo maneno yalikwenda kwa miguu. Nikifikiri leo picha ya mmoja wao ingefika wapi kwa usiku mmoja, mwili unanisisimka.

Kwa hiyo, mhariri, ombi langu si kwamba watu wasitumie simu. Ombi ni kwa sisi tulioipeleka. Kufuta hakutoshi. Ulipoipeleka, rudi hapo hapo, kwa watu wale wale, useme kwa kinywa chako kuwa ulikosea na useme ukweli ni upi. Kama uliisema mferejini, rudi mferejini. Wasimamizi wa makundi nawaomba waache kuandika "tuendelee" kabla ya ukweli kuandikwa wote. Na masheha wetu, wanapolimaliza jambo kama hili ofisini, wamwandikie aliyesingiziwa karatasi yenye mhuri, apate cha kuonyesha anapokwenda kuomba kazi kwa wenye miti.

Nimeandika gazetini kwa sababu video ile imekwenda ambako mimi sifiki. Kwa hivyo naieleza tena, pengine unayesoma hapa unayo. Ni ya sekunde 19. Kuna baiskeli, kuna njia ya kokoto, kuna gunia jeupe, na mwanamume asiyeonekana anasema "anazipeleka". Kama uliipokea, nakuomba kwa heshima yote umtafute uliyempelekea umwambie guniani mlikuwa na makonyo, na stakabadhi ya kituo cha ununuzi ipo.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu mstaafu,
Kaskazini Pemba.