Mke mwenye hamu nyingi hajapagawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo ambalo wanawake hulinong'ona uani na wanaume hulifanyia mzaha vijiweni, nalo ni la mke ambaye hamu yake ya tendo la ndoa ni kubwa kuliko ya mumewe. Mimi ni mwuguzi mstaafu hapa Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa ni mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa, lile ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa wapitie kabla ya kuomba talaka mahakamani. Mashauri ya unyumba hayaji kwetu kwa jina lake. Huja kama ugomvi wa matumizi, wa simu au wa mawifi, na mpaka msikilizaji awe na subira ndipo linapotoka lile lililowaleta.

Mume akilalamika kwamba ananyimwa unyumba, baraza zima humwelewa papo hapo na mke hukumbushwa wajibu wake. Mke akileta malalamiko hayo hayo, wazee huinamisha vichwa, mmoja hukohoa, kisha huulizwa amepatwa na nini. Wapo wanaosema ana jini mahaba na kumpeleka kwa mganga, na wapo wanaohitimisha kwamba mwanamke wa namna hiyo lazima ana bwana nje. Sisi tuliochezwa unyago tulifundwa na makungwi namna ya kumpokea mume na kumridhisha, wala siwalaumu, lakini sikumbuki kufundishwa namna ya kumwambia mume kwamba mimi ndiye ninayemhitaji.

Ajabu ni kwamba dini zetu hazikunyamaza. Katika sheria ya Kiislamu, mume aliyeapa kutomkaribia mkewe hupewa miezi minne tu, kisha arejee kwake au aachane naye. Na mafundisho ya Kikristo huwakataza wanandoa kunyimana isipokuwa kwa kupatana na kwa muda. Haki ya mke kitandani, basi, haikuletwa na wazungu wala na semina.

Kuhusu ugonjwa, napenda kueleza kwa uangalifu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, iliweka hamu iliyozidi miongoni mwa maradhi. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika Januari 2022, limeacha kipimo hicho. Linachotambua sasa ni hali ya mtu, mwanamume au mwanamke, kushindwa kuzuia mwenendo wake wa kujamiiana kwa muda wa miezi sita au zaidi, hata kazi, afya au familia yake ikaharibika. Tena linasema wazi kwamba fadhaa inayotokana na kujiona mwenye dhambi peke yake haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Mke anayemtamani mumewe kila usiku, na asubuhi akaamka kupika chai na kwenda kazini, hayumo humo. Anayehitaji hospitali ni yule aliyebadilika ghafla: halali usingizi, anasema bila kituo, anatapanya fedha, na hamu imepanda pamoja na hayo yote, kwani huenda ni dalili za ugonjwa wa akili unaotibika. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka viungo, nazo huweza kupandisha hamu, na daktari akiambiwa anaweza kuzibadilisha.

Lakini mara nyingi nilichokiona barazani si hamu ya mke kupanda, bali ya mume kushuka. Kisukari na shinikizo la damu huharibu mishipa, na nguvu za kiume huweza kupungua kabla moyo haujaonyesha dalili yoyote. Badala ya kupima, mume hukimbilia supu ya pweza au vumbi la Kongo, au hununua vidonge vya sildenafili, vile vya kuongeza nguvu za kiume, bila kuulizwa kama anatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, ambazo zikikutana na vidonge hivyo huweza kumwua. Akishindwa na hapo, huanza kurudi usiku wa manane makusudi ili amkute mke amelala. Mke huona hapendwi, mume huona anadhihakiwa, na wapo wanaopigwa kwa kosa hilo tu, ingawa kifungu cha 66 cha sheria niliyoitaja kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sisemi mume alazimishwe. Naye ana haki ya kuchoka bila kuambiwa si mwanamume, neno ambalo baadhi ya wanawake wenzangu hulitamka kwa wepesi mno.

Mume mmoja alituletea mkewe akidai hatosheki. Tulipomwuliza lini alipima sukari, alikasirika, ila alikwenda, na majibu yalimpeleka kliniki siku hiyo hiyo. Tangu hapo swali hilo namwuliza kila mume anayekuja na dai kama hilo. Mjumbe mwenzangu mmoja ameniambia mbele ya watu kwamba nawaaibisha wazee, na ameomba nisipangiwe tena mashauri ya aina hiyo. Ombi lake litajadiliwa katika kikao kijacho, nami nitakuwapo.

Mwuguzi mstaafu,
Tanga