Tumaini halina tarehe: tusiikate Yeremia 29:11 vipande

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na Wakristo wenzangu, hasa sisi tuliopewa kazi ya kufariji: makatekista, wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya, na wanakwaya ambao mara nyingi hufika msibani kabla ya padri au mchungaji.

Siku za shida hakuna mstari unaotumwa kuliko Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, "kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho". Umebandikwa kwenye vioo vya daladala, na aliyeachishwa kazi asubuhi huupokea kwenye simu mara tano kabla ya jua kuzama. Mstari wenyewe hauna kosa. Kosa ni kuunyofoa. Mstari wa 10, ulio juu yake, unataja miaka 70. Maneno haya ni ya barua ya nabii Yeremia, na walioandikiwa walikuwa wamehamishwa Yerusalemu na kupelekwa Babeli mwaka 597 K.K., na mtu mzima wa miaka 30 aliyesikia barua ile ikisomwa alielewa kwamba nyumbani harudi. Watarudi wajukuu. Ndiyo maana kuanzia mstari wa 5 wanapewa kazi: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, wauombee amani mji uleule uliowateka.

Sura iliyotangulia, ya 28, haisomwi sana, nayo ndiyo ufunguo. Nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba ndani ya miaka 2 mateka na vyombo vya hekalu vitakuwa vimerudi. Yeremia akajibu "Amina", maana hata yeye angependa iwe hivyo. Hanania akamvua nira ya mti shingoni, ile Yeremia aliyoivaa kuwa ishara ya kutawaliwa na Babeli, akaivunja watu wakitazama. Baadaye Yeremia alitumwa amwambie kwamba amevunja nira ya mti, na badala yake itakuja ya chuma.

Akina Hanania bado tunao. "Mwezi huu hauishi bila gari." "Ndani ya siku saba mlango utafunguka." Siku ya nane ikifika mlango umefungwa, msikilizaji anabaki na mambo mawili: ama Mungu amedanganya, ama imani yangu ni haba. Wengi huchagua la pili, kimyakimya, wakaacha kuja ibadani kwa aibu. Ukimuuliza jirani atakwambia amepoa kiroho. Hajapoa. Alipewa tarehe mahali pa tumaini, na tarehe imepita.

Tufanye nini basi tukikaa na mtu aliyeumia? Tuanze na zaburi za maombolezo, maana katika zaburi 150, karibu theluthi moja ni za kulia. Iliyo rahisi kuanza nayo ni ya 13, yenye mistari 6 tu. Mistari miwili ya kwanza ina "hata lini" nne: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Isome polepole mpaka hapo, kisha nyamaza. Mwachie mwenyewe aseme "hata lini" yake: hata lini nitadaiwa kodi, hata lini mtoto ataugua. Asiposema kitu, usimsaidie kusema. Mstari wa 3 na wa 4 ni maombi, naye aombe kitu kimoja tu kinachotajika. Wa 5 na wa 6 ni kutumaini na kuimba, na hapa ndipo wengi wetu hukosea kwa kukimbilia huko dakika ya kwanza. Kama leo hawezi kufika mstari wa 5, ishieni wa 4, mrudi Jumanne ijayo. Kuna hata Zaburi 88 inayoishia gizani bila neno la faraja, nayo imo katika Maandiko, haikuondolewa.

Kuhusu kunyamaza, rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku 7 na usiku 7 walipokaa naye chini bila kusema. Waliharibu walipoanza kufafanua. "Mungu amempenda zaidi", "kila jambo lina sababu", "angalau una watoto wengine": maneno haya hayaambiwi mfiwa. Sema "pole", kaa nusu saa, simama, nenda.

Jambo jingine ni tumbo. Eliya alipoketi chini ya mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu. Basi ukienda kumwona mtu, usimuulize "unahitaji nini?", kwa sababu kila mtu hujibu "tunashukuru, tuko salama". Mwambie: "Jumanne saa kumi nitakuja na unga." Kilo mbili za unga, nusu lita ya mafuta, kipande cha sabuni na kibiriti vinatosha kwa safari moja, na ni vitu vidogo kiasi kwamba mpokeaji haoni anageuzwa ombaomba.

Tatizo kubwa la ufariji wetu ni kwamba wote tunakuja siku moja. Msibani kuna maturubai, masufuria makubwa, daftari la rambirambi, kwaya mbili. Matanga yakianuliwa, kila mtu kwake. Shida yenyewe huja wiki ya tatu, pale deni la jeneza linapodaiwa, ada inapotakiwa na simu zimeacha kuita. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, zina ukubwa unaofaa kabisa kwa kazi hii, na vikundi vya nyumba kwa nyumba vya makanisa mengine vivyo hivyo. Kabla watu hawajatawanyika makaburini, mwenyekiti afungue daftari aandike zamu za wiki 12, watu wawili kila wiki, majina na siku. Wawili, kwa sababu mmoja akiuguliwa zamu haivunjiki. Wakiwa watatu kila mmoja humtegemea mwenzake na hakuna anayekwenda. Wiki ya tatu wapangwe wanaojua hesabu: wakae na mfiwa waandike nani anamdai, kiasi gani, lini, kisha wamsindikize kwa mdai kabla ya tarehe, si baada yake. Kama ni mwanachama wa kikoba, waulizie mfuko wa jamii, maana mara nyingi fungu lipo na mhusika anaona haya kuliomba.

Sasa dawa. Hapa sitazunguka. Mtu wa shinikizo la damu akiacha vidonge anaweza asihisi chochote kwa wiki nyingi, ndiyo maana anaamini amepona, mpaka siku anapopooza upande mmoja. Anayetumia ARV akiambiwa virusi havionekani kwenye kipimo, ni dawa inayofanya kazi. Akiacha, virusi hupanda tena, na akimeza leo akaacha kesho vinaweza kuwa sugu. Mwenye kisukari anayechoma insulini akifunga bila ushauri wa daktari, sukari inaweza kushuka: atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa, na watu watadhani ni mapepo. Kama bado anaweza kumeza, apewe maji yenye sukari upesi, kisha apelekwe hospitali. Huyu akitaka kufunga, ajinyime redio au simu, lakini asiache chakula. Anayesema ameponywa aende akapimwe. Yesu mwenyewe aliwatuma wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Haikuanza na kifo. Ilianza na watu kuambiwa waache shule na hospitali.

Na yupo anayesema kama Eliya, kwamba yatosha. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humwondolea mzigo wa kulificha. Akikubali, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, dawa za shambani na za panya zitolewe ndani ya nyumba, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mnaompeleka mwombe mkiwa njiani. Msimwite mwenye dhambi. Nabii aliyesema maneno hayo aliletewa mkate.

Mwisho, jambo dogo la daftari la zamu. Mwenye zamu akisafiri, asitume ujumbe wa "nitakuombea". Ampigie wa zamu inayofuata aende badala yake, tena apige asubuhi, kwa sababu ikifika saa kumi yule mama atakuwa ameshainjika chai ya watu watatu.

Katekista,
Njombe