Ukimeza doksisaiklini kisha kichwa kikauma, angalia macho

Mhariri,

Doksisaiklini, dawa ya antibiotiki, hutolewa kila siku kwa chunusi, kinga ya malaria na magonjwa ya zinaa, na onyo la dirisha la dawa mara nyingi ni la tumbo na jua tu. Kuna jingine linalorukwa. Dawa za jamii ya tetrasaiklini, minosaiklini ikiwamo, zinaweza kupandisha presha ndani ya fuvu. Ni nadra, lakini uoni ukipotea huenda usirudi.

Si presha inayopimwa mkononi. Hiyo inaweza kuwa sawa kabisa. Kinachozidi ni msukumo wa maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, nao huifanya neva ya jicho ivimbe pale inapoingia nyuma ya jicho.

Kwa kawaida huanza baada ya wiki au miezi ya kutumia dawa. Kichwa huuma, mara nyingi zaidi mtu akilala au akiamka. Akiinama kufunga viatu kisha akainuka, macho huingia giza sekunde chache. Masikio huvuma kwa kufuata mapigo ya moyo, na wengine huona vitu viwiliviwili. Wanawake vijana wenye uzito mkubwa ndio huathirika zaidi, ingawa mwembamba naye hapewi kinga. Anayetibu chunusi asichanganye dawa hizi na isotretinoini, dawa nyingine ya chunusi, wala vidonge vya vitamini A.

Kinachoponza wengi ni kusomeshwa herufi za ukutani na kuambiwa macho ni mazima. Herufi hupima katikati. Ugonjwa huu huanza kula pembeni. Mgonjwa aangaliwe nyuma ya jicho siku hiyohiyo, apimwe na upana wa kuona. Neva ikiwa imevimba, kwanza hupigwa picha ya ubongo na vena zake, isije ikawa ni uvimbe ubongoni au damu iliyoganda, ndipo sindano iingie mgongoni kupima presha ya maji hayo. Kwa mtu mzima aliyelala ubavu, sentimita 25 za maji au zaidi ni presha ya juu.

Tiba huanza kwa kusimamisha dawa, kwa kumjulisha daktari aliyeiandika ili atoe mbadala; asetazolamidi, dawa ya kushusha presha hiyo, huongezwa inapohitajika. Presha huweza kukawia kushuka kwa wiki kadhaa, hivyo macho yaendelee kuchunguzwa hata maumivu yakiisha. Na iandikwe kwenye faili: asipewe tena tetrasaiklini ya aina yoyote, hata yenye jina jingine.